Kikohozi Njiani kwa Sokwe

Kazi yake, ukiitazama vizuri, ilikuwa kuwaharibia watu siku. Watu wametoka mbali, wamepanda ndege, wamelala kwenye mahema, wameamka kabla ya jua na kuvaa viatu vipya vinavyowachubua visigino. Wanafika kwenye banda la maelekezo, pale njia inapoingia msituni, wakiwa na hamu moja tu ya kuwaona sokwe. Naye anasimama mbele yao na kile kipima joto chenye umbo la bastola, anawaelekezea kwenye paji la uso mmoja mmoja. Ukiwa na homa, hupiti. Ukiwa na kikohozi, hupiti. Ukipiga chafya ya pili ukasema ni vumbi, anakutazama, anakuuliza ni vumbi gani hilo nawe umesimama kwenye matope, na hupiti. Wenzake walimwita Kipimajoto, na jina likamganda kiasi kwamba hata mlinzi wa getini, aliyeajiriwa juzi tu, hakujua kama alikuwa na jina jingine.

Aliwahi kumrudisha bwana harusi, bibi harusi akaenda kuwaona sokwe peke yake na kurudi akiwa na furaha ambayo haikumpendeza mumewe hata kidogo. Aliwahi kumrudisha mpiga picha mmoja aliyekaa chini kwenye matope akalia kwa sauti. Wageni walimtukana kwa lugha alizozijua na asizozijua, naye alijibu kwa maneno yale yale, kwa upole ule ule wa kazini.

Usidhani alipenda ukali. Sokwe huambukizwa mafua yetu, ila wao hawana mwili wa kuyazoea. Kuna mwaka mafua yaliingia msituni, mpaka leo hakuna anayejua yalitoka kwenye pua ya nani. Wakubwa walikohoa juu ya miti, watoto wakafa. Mmoja wa akina mama wale alimbeba mwanawe aliyekufa mpaka akakauka mikononi mwake, akawa anamfukuzia inzi kwa jani. Kipimajoto ndiye aliyekuwa akilifuata kundi hilo kila asubuhi na kuandika alichokiona. Tangu hapo, ukimwambia kuhusu kikohozi kidogo, hakuelewi kabisa.

Sokwe yule aliyefiwa, waongoza wageni walimwita Shangazi. Sasa alikuwa mzee, sikio moja limechanika, na mwaka huu, bila mtu kutarajia, alionekana amebeba kichanga kingine mgongoni. Kipimajoto alipomwona mara ya kwanza na kichanga hicho aligeukia mti akajifanya anafunga kamba za buti. Hiyo ndiyo habari aliyotamani kumwonyesha mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikuwa mama yake.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule za nusu ya mji, mpaka mgongo ukagoma na macho yakaanza kukosea tundu la sindano. Sasa kaka yake Kipimajoto, anayeishi mbali kabisa, safari ya basi ya kutwa na kucha, alikuwa amekuja kumchukua akaishi kwake. Cherehani ilishagawiwa jirani, vyombo vilishafungwa kwenye maboksi, na safari ilikuwa kesho yake. Miaka yote hiyo mama hakuwahi kukanyaga msituni. Majirani walipomuuliza binti yake anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko serikalini," kisha akabadilisha mazungumzo, maana aliona aibu kusema kwamba mwanawe, msomi wa watu, anashinda porini akiwafuata nyani. Kipimajoto alilijua hilo na lilimuuma. Hakulisema, ila lilimuuma.

Kila mwaka, kabla ya mvua kubwa kuifunga njia, hifadhi huwa na siku ya ndugu. Wageni wa nje hawapokelewi, na kila mfanyakazi anaruhusiwa kuleta mtu wake mmoja aone kazi yenyewe. Mwaka huu ilitokea siku moja kabla ya mama kuondoka. Kipimajoto alipiga simu, akabembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Mama alikubali shingo upande. Kama siku hii ingepita bila mama kumwona Shangazi, isingerudi tena, na mwenyewe alilijua hilo tangu alipofungua macho asubuhi.

Kaka mtu alimshusha mama getini kwa gari la kukodi, akasema atawasubiri hapo hapo kwa sababu yeye na nyoka hawaivi. Mama alivaa gauni lake zuri la kitambaa kizito, buti za mpira za kuazima, na mtandio mpana mabegani. Alilitazama banda, akaitazama miti, akamtazama binti yake aliyevaa sare ya kijani iliyomkaa vibaya mabegani.

"Nani alishona hii?" aliuliza.

"Zinaletwa tu, mama."

"Zimeletwa na adui yako. Haya, hao nyani wako wako wapi?"

"Sokwe, mama."

"Sokwe, nyani, wote si wana mikia?"

"Sokwe hana mkia."

"Amekatwa?"

Wenzake wakaangua kicheko. Kipimajoto naye alicheka, na kwa mara ya kwanza wiki ile mabega yake yalishuka. Bosi, yaani mhifadhi mkuu, alikuwepo na shemeji yake, mwanamke mchangamfu aliyejipulizia manukato ya kutosha ukoo mzima. Fundi magari alikuja na baba mkwe wake, mzee asiyesema kitu. Kipimajoto aliwapanga wote mstari na kuanza kazi yake. Shemeji wa bosi alipewa maji na sabuni, akaambiwa aoshe shingo. Kipimajoto alipofika kwa mama, mkono ulisita kidogo, kisha akamwelekezea kipima joto kwenye paji la uso sawa na wengine. Joto lilikuwa la kawaida.

"Unakohoa? Una mafua? Koo linakuwasha?"

"Mimi unaniuliza kama mgeni?"

"Nakuuliza kama wote, mama."

"Sina kitu," mama alisema, akauvuta mtandio mpaka kidevuni. "Twende nikaone huyo shangazi yenu kabla kaka yako hajaanza kupiga honi."

Na wala usifikiri msitu ulimfanyia Kipimajoto hiana siku ile. Hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Kwa kawaida siku ukiwa na mtu unayetaka kumfurahisha, sokwe wanahamia upande wa pili wa bonde, siafu wanakata njia, mvua inashuka. Safari hii kila kitu kilinyooka. Mwenzake waliyemwita Pua, kwa kuwa alidai anawanusa sokwe kabla ya kuwaona, alikuwa ameingia msituni mapema kutafuta viota walikolala, na hata hawajafika kwenye kijito cha kwanza alishaita kwenye redio. Kundi lote la Shangazi lilikuwa kwenye mkuyu mkubwa juu ya kijito cha pili, wanakula matunda, hawana haraka. Mwendo wa dakika chache! Kipimajoto alikuwa amewahi kutembeza watu kutwa nzima wakaishia kuona kinyesi.

Alitembea mbele, roho juu. Alimwonyesha mama mahali pa kukanyaga, akamwonyesha ile miti yenye mizizi iliyosimama kama mbao ambayo madume huipiga kwa miguu ili sauti ifike mbali. Mama aliigonga kwa vidole, akasema ubao ule ungetoa meza nzuri ya kukatia vitambaa. Hakuwa analalamika. Kipimajoto aliliona hilo, akaanza kujisemea moyoni namna atakavyomsogeza mama mbele ya wengine, kisha amwachie tu atazame, asimweleze chochote.

Wakavuka kijito cha pili. Hapo kila mtu alivaa barakoa, ndiyo sheria ukikaribia, na sauti zikashushwa. Juu yao, nyuma ya ukuta wa majani, matawi yalianza kusikika yakivunjika. Shemeji wa bosi alimshika mkono baba mkwe wa fundi bila kujua amemshika nani.

"Nipisheni kidogo nijisaidie," mama alinong'ona, akarudi nyuma ya mti mkubwa.

Kipimajoto alisubiri. Kisha akasikia.

Kilikuwa kikohozi kilichozibwa. Mtu amejaza nguo mdomoni, amebana mbavu, na bado kimemponyoka. Cha kwanza kifupi, cha pili kirefu, kikitokea chini kabisa kifuani. Vikohozi alivijua huyu mwanamke kuliko daktari wa mji. Alizunguka mti akamkuta mama ameinama, barakoa imeshuka shingoni, mtandio kausokomeza mdomoni kwa mikono miwili na macho yamejaa machozi.

"Nimepaliwa na mate," mama alisema.

"Mama."

"Mate tu."

"Kimeanza lini?"

Mama alijipangusa. "Juzi."

"Na asubuhi umekunywa nini?"

"Vidonge vyangu vya mgongo."

"Vya mgongo vinashusha na homa, mama!"

"Basi vimefanya kazi mbili."

Siku nyingine Kipimajoto angecheka. Alisimama pale akahisi damu inampanda kichwani, akataka kupiga kelele, na huwezi kupiga kelele chini ya sokwe. Ikabidi agombe kwa kunong'ona, na hakuna kitu kinachochosha kama kugomba kwa kunong'ona. "Nilikuuliza. Nimekuuliza mbele ya watu, ukasema huna kitu. Unajua walivyokufa hawa? Nimekusimulia mimi mwenyewe!"

"Ulinisimulia," mama alisema. "Ulikuwa umelala kitandani kwangu, una mafua."

Ni kweli. Na hapo lazima nikueleze jinsi sheria ilivyokuwa kwa wafanyakazi wenyewe. Ukipata mafua, unatoka msituni siku hiyo hiyo, hurudi mpaka upone kabisa. Nyumba za wafanyakazi ziko ukingoni mwa msitu, kwa hiyo huwezi kujilaza hapo pia. Wengine walienda kwa wake zao mjini. Kipimajoto, asiye na mume, alienda kwa mama, kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la ushonaji. Mama alimpikia supu, akampaka dawa kifuani, akamfukiza. Wiki iliyopita tu alikuwa huko, amejifunika blanketi la mama, anapiga chafya kwenye mto wa mama. Alipopona aliaga, akarudi kazini mzima. Hakujiuliza hata siku moja alichokiacha nyuma. Msitu mzima alikuwa ameukinga, halafu mafua yenyewe akaenda kuyamwaga kwa mama yake.

Bosi alikuwa amewasogelea. Wengine walinyoosha shingo.

"Kuna nini?" bosi aliuliza.

"Mama anakohoa."

Bosi alimtazama mama, akamtazama Kipimajoto, akavuta pumzi chini ya barakoa yake. Kipimajoto alimwomba kimoyomoyo aseme neno. Amri yoyote, apite au asipite, mradi isitoke kwake. Yule bwana alikuwa bingwa wa kutoa amri. Alitoa amri juu ya rangi ya vikombe vya chai.

"Mimi sijasikia kitu," bosi alisema. "Hapa wewe ndiye mwongozaji. Uamuzi ni wako."

"Jamani, si mtu mzima tu, kikohozi kimoja," shemeji yake alinong'ona. "Avae barakoa mbili, aone, arudi. Mama wa watu anahama kesho."

Kila mtu alikuwa na huruma siku hiyo, ila hakuna aliyekuwa tayari kuibeba. Kipimajoto aliwachukia wote: bosi, shemeji na manukato yake, kaka aliyekaa garini, hata yule mzee asiyesema kitu. Aliinua uso. Kati ya majani aliona mkono mweusi mrefu ukivuta tawi. Mama naye alikuwa ameinua uso, lakini alitazama mahali pengine, macho yake hayakuwa yanaona mbali.

"Hapiti," Kipimajoto alisema.

Aliita kwenye redio, Pua akashuka kuwachukua wale wengine. Wakaondoka kwa mstari, wananyata, kila mmoja akikwepa kumtazama mama usoni. Kipimajoto alimrudisha mama chini mpaka ng'ambo ya kijito, kwenye gogo la kupumzikia, akamkalisha. Alipaswa kumshusha mpaka bandani moja kwa moja. Lakini mama alikuwa anahema, na kijito kilikuwa kati yao na sokwe.

Mama alimpa kisogo. Alikohoa kwa uhuru sasa, akatema kwenye kona ya mtandio, akaukunja na kuuweka kando yake juu ya gogo.

"Kwa hiyo nyani wana thamani kuliko mimi," alisema.

"Sikusema hivyo."

"Umesema hapiti. Kama vile mimi mzigo. Mbele ya watu."

"Ungeniambia ukweli getini, tusingefika huku."

"Ningekuambia ukweli getini ungenirudisha getini."

Ni kweli pia. Kipimajoto akakaa. Alitaka kuomba msamaha na alitaka kugomba, vyote kwa pamoja. Aliokota kijiti akaanza kukivunja vipande. Alifikiria miezi aliyoisubiri siku hii, simu alizopiga, jinsi alivyoazima zile buti na kuzijaza magazeti zisimpwaye mama. Machozi yalimjia, akayarudisha kwa hasira.

Redio ikakwaruza.

"Kipimajoto!" Ilikuwa sauti ya Pua, ya chini na ya haraka. "Shangazi ameshuka mtini. Ameacha kundi, anafuata njia, anavuka kijito. Anakuja huko kwenu!"

Kama kuna anayepanga mambo haya, basi ana dhihaka mbaya. Wageni wangapi wamekaa kwenye gogo lile wakiomba usiku na mchana jambo kama hilo litokee! Sheria inasema mgonjwa akikaribiwa na sokwe, mgonjwa ndiye anayeondoka.

"Mama, simama. Twende."

"Kwa nini? Si anakuja mwenyewe?"

"Twende, mama."

"Mimi simfuati. Nimekaa kwenye gogo langu, nitafumba mdomo, nitaziba pua. Anapita, namwona, basi."

Majani yalitikisika upande wa kijito. Kipimajoto alimwona mama akigeuza shingo, macho yake dhaifu yakitafuta, uso wote umefunguka, na akajua akichelewa kidogo tu hataweza tena.

"Inuka!" alisema. "Sasa hivi! Geuka, tembea, usitazame nyuma!"

Ilikuwa sauti ya kazini, ile inayowasimamisha wanaume wenye mitutu ya kamera. Hakuwahi kuitumia kwa mama yake. Mama aliinuka. Kipimajoto alimshika kiwiko, wakashuka njia mbiombio, mama akijikwaa kwenye zile buti, mpaka walipofika kona, penye mti mnene.

Hapo ndipo alipokumbuka mtandio.

Ulikuwa juu ya gogo, umelowa kikohozi, na sokwe hupenda nguo. Huzinusa, huzitafuna, huwapa watoto wachezee.

"Baki hapo. Usisogee hata hatua," alimwambia mama, akarudi mbio.

Alifika kwenye gogo na Shangazi akatokea njiani, wakati mmoja. Walikuwa karibu mno. Kipimajoto aliona mvi za kidevuni, sikio lililochanika, na juu ya mgongo uso mdogo wa rangi ya udongo wenye macho makubwa yaliyomtazama bila hofu. Aliunyakua mtandio, akausukuma ndani ya shati lake. Kisha akainamisha macho, akajifanya mdogo, akaanza kurudi nyuma taratibu, mguu baada ya mguu, akitoa ule mguno mwororo ambao waongoza wageni hutoa ili sokwe ajue hakuna ubaya. Shangazi alisimama. Alinyoosha mkono kwenye gogo, akapagusa pale mtandio ulipokuwa, akanusa vidole.

"Hapana," Kipimajoto alisema kwa sauti ya chini. "Hapana, hapana, hapana."

Shangazi alimtazama kwa muda. Kisha akaliacha gogo, akaingia kwenye majani upande wa bondeni na kutoweka, kichanga kikiwa kimegeuza shingo kuangalia nyuma. Alikuwa amegusa gogo kwa vidole na kuvinusa. Huenda isiwe kitu. Huenda ikawa kitu. Itabidi kulifuata kundi kila siku na kusikiliza.

Alipogeuka, mama alikuwa pale pale konani, ameshika mti kwa mkono mmoja.

"Umemwona?" Kipimajoto alimuuliza. Alitamani, Mungu amsamehe, mama awe amevunja sheria na kuchungulia.

"Mti umeziba," mama alisema. "Nimekuona wewe tu."

Waliteremka kuelekea bandani. Mama alitembea mbele safari hii, polepole, na kila alipokohoa alijiziba kwa kiwiko kama alivyowasikia wengine wakifundishwa asubuhi. Kipimajoto hakuweza kuvumilia tena, maneno yakamtoka yote kwa pamoja.

"Miaka yote nilitaka uje. Siku ya mwisho kabisa, sokwe wako karibu, mvua hamna, na yeye mwenyewe anashuka mpaka kwenye miguu yetu. Halafu mafua yangu! Mafua yangu mwenyewe! Na sasa unaondoka na hujaona kitu, utaenda kumwambia kaka nafukuza nyani, na labda nimewaletea sokwe ugonjwa juu yake. Sijui hata nimefanya nini leo."

Mama alisimama njiani.

"Unafikiri nilikuja kuona nyani?"

"Sokwe," Kipimajoto alisema, kwa mazoea tu.

"Nyani nitawaona kwenye televisheni ya kaka yako. Mimi unanijia lini? Unanijia ukiwa na homa. Pua nyekundu, sauti imekauka, unalala, unakula supu, unapona, unaaga. Ukishapona tu, unaondoka. Sijakuona mzima tangu ulipoanza kazi hii." Alikohoa, akasubiri kipite. "Nikasema kabla sijahama nikamwone mwanangu siku moja akiwa mzima. Ndiyo maana nikakudanganya getini. Mimi huyo shangazi yenu nilikuwa nimeshamsahau."

Ndani ya shati la Kipimajoto mtandio ulikuwa umemlowesha tumbo.

"Na una sauti mbaya sana ukiwa kazini," mama aliongeza, akaendelea kutembea. "Nilitaka kukupiga kofi. Lakini miguu ikasimama yenyewe."

Getini kaka mtu alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, milango wazi. Aliamka, akauliza kama wamewaona. Kipimajoto alimfungulia mama mlango, akamvua zile buti, akatoa magazeti yaliyolowa ndani yake, akampangusa miguu kwa shati lake la ndani. Bosi na kundi lake walianza kutokea msituni, shemeji akicheka na kupunga simu yenye picha. Itabidi aende kuwapokea, awakumbushe kunawa, amwambie Pua habari ya gogo, aandike kila kitu kabla hakijamtoka. Msimu wa wageni ungeanza tena wiki ijayo, na likizo yake, kama kila mwaka, ilikuwa ya kuombwa na kuahirishwa.

"Ukipata nafasi ya kuja kwa kaka yako," mama alisema, akiwa ameshakaa na mkoba mapajani, "usije na mafua."

"Sitakuja na mafua, mama."

"Basi utakuja lini?"

Gari liliwashwa. Kipimajoto alishika mlango, akafikiri, akatafuta mwezi mmoja kati ya miezi yote ambao angeweza kuutaja bila kusema uongo, na mama alimsubiri mpaka kaka alipoanza kurudisha gari nyuma.